Mjumbe Hauawi, Lakini Huulizwa

Waswahili tuna methali mashuhuri za kulilaumu sikio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Mjumbe, kwa upande wake, tumemkinga: hauawi. Lakini je, mjumbe aliyepewa onyo la kweli, akalifikisha kwa maneno yasiyofahamika, hana la kujibu? Swali hili laweza kudhaniwa ni la washairi. Kumbe ni la wahandisi pia, na kwao jawabu huweza kupimwa kwa roho za watu.

Tarehe 31 Julai 1985, huko Marekani, mhandisi Roger Boisjoly wa kampuni ya Morton Thiokol aliwaandikia wakubwa wake kwamba pete za mpira zilizoziba viungo vya roketi za vyombo vya angani zaweza kushindwa kazi, na watu wakaangamia. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, yeye na wenzake wakashauri Challenger isirushwe katika baridi iliyo chini ya nyuzi 12 za Selsiasi. Wakubwa wa kampuni, wakisukumwa na NASA, wakalipindua shauri hilo. Siku ya pili chombo kikarushwa hewa ikiwa nyuzi 2 hivi. Baada ya sekunde 73 kikasambaratika, na watu 7 wakafa.

Hilo ndilo sikio la kufa. Hata hivyo, mwaka 1997 Edward Tufte, bingwa wa kuonyesha takwimu kwa michoro, alidai kuwa katika kurasa 13 zilizotumwa usiku ule hapakuwa na hata mmoja uliopanga bega kwa bega joto na madhara ya safari zote zilizotangulia. Mwaka 2002 Boisjoly na wenzake wakamjibu kuwa anawatwika walioonya mzigo wa walioonywa.

Nadhani kila upande umeshika kipande cha haki. Hebu tutazame msiba wa pili. Mwezi Januari 2003 kipande cha povu kiliupiga ubawa wa Columbia. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walitoa maelezo yao kwa wakubwa. Kichwa cha ukurasa mmoja kilituliza moyo. Neno moja la Kiingereza, lenye maana ya uzito wa jambo, lilirudiwa mara 5 bila ya kushika maana moja. Khabari yenyewe ilijibanza chini kabisa: povu lile lilikuwa kubwa mara 640 kuliko lililowahi kujaribiwa. Tarehe 1 Februari chombo kikavunjika, na wengine 7 wakafa. Tume ya uchunguzi iliutaja ukurasa huo katika ripoti yake ya Agosti 2003.

Sisemi kwamba sentensi moja safi ingewaokoa. Boisjoly aliandika waziwazi, na hakusikilizwa. Ninalosema ni hili: elimu ni amana, na amana haihesabiwi kuwa imefika mpaka mwenyewe aipokee mkononi na kuitambua. Kauli iliyo wazi haimlazimishi mkubwa kusikia, ila humnyima pa kujificha. Kauli ya mafumbo humpa udhuru: "Sikufahamu." Basi mhandisi anapoandika vizuri hatimizi wajibu wa msikilizaji, anatimiza wake, na kuuacha wa mwenziwe uchi juani.

Wako watakaosema kuwa mhandisi ni mtu wa hesabu, na lugha tuwaachie watunzi. Je, mtunzi si mtu wa hesabu? Hugawa mshororo mizani minane kwa minane, na moja ikizidi sikio hushtuka. Fundi naye huteremsha timazi ukutani. Wote wawili wanajua kwamba kilichopinda kidogo leo kitaanguka kesho.

Kwa hiyo somo la uandishi kwa wahandisi lisiwe pambo la mwisho wa muhula. Mwanafunzi afunzwe kuitanguliza hatari badala ya kuizika. Kulipa neno moja maana moja. Kuiweka nambari kando ya nambari inayoielezea. Na kabla ya yote, kumjua atakayesoma. Kwetu pana mtihani zaidi. Mhandisi husomeshwa kwa Kiingereza chuoni, kisha humkabili mzee wa mtaa, au nahodha, anayetaka kuelezwa kwa Kiswahili kwa nini daraja lisipitwe au gati lisitumike. Akishindwa, asiseme watu hawana elimu. Elimu iliyomshinda mwenyewe kuieleza, bado hajaimiliki.

Mjumbe hauawi, na iwe hivyo daima. Lakini ataulizwa mambo mawili: ulisema? Na uliposema, ulitaka ufahamike?