Aliyetangulia Kuingia

Watu wanaojenga reli ndogo za mfano nyumbani, zile zenye ghorofa kama rafu, huficha yadi ya kusubiria chini kabisa. Mgeni haioni. Treni ikitoka humo tunaambiwa imetoka Mombasa. Ikirudi, imefika Kampala.

Kila anayeichora upya yadi hiyo hukutana na swali moja: njia zake zizibwe upande mmoja, au ziwe wazi pande zote mbili? Njia iliyozibwa haili nafasi. Lakini ukipanga treni kadhaa humo, iliyotangulia kuingia itatoka mwisho, hata iwe imebeba nini. Njia iliyo wazi inataka meza kubwa zaidi, ila aliyetangulia hutangulia.

Sisi wa Nakuru tumekulia kwenye makutano. Njia moja inapitia Njoro na Molo hadi Kisumu, ambako reli ilifika 1901. Nyingine inapanda Timboroa kuelekea Eldoret na Malaba. Na tangu 2019, SGR inaishia upande wa Naivasha. Reli yake ina upana wa milimita 1,435, ya zamani 1,000, kwa hivyo kontena la Uganda lazima lihamishwe. Behewa zima, lisilo na hitilafu yoyote, linasimama hapo. Hakuna anayelilaumu.

Mbona basi tunamlaumu mtu? Kijana aliyemaliza shule miaka kumi iliyopita bado anaamkia mjengo kutafuta kibarua. Binamu yake mdogo, mwenye mjomba ofisini, ameingia juzi na ashatoka. Yule wa kwanza tunamuuliza: wewe shida yako ni gani? Kisha tunamwambia mvumilivu hula mbivu.

Sikatai subira. Treni inayosubiri zamu yake iko safarini kama ile inayokimbia. Lakini subira ni wema pale tu ambapo kuna zamu. Kumhubiria subira aliye mwisho wa njia iliyozibwa ni kumbebesha kosa la mchoraji.

Utasema kufungua upande wa pili kuna gharama. Kweli, lazima mtu apunguze meza yake. Hapo ndipo swali la haki lilipo: nani apunguze? Kwa sasa anayelipa ni yule anayesubiri, analipa kwa miaka yake, na hakuulizwa wakati yadi inachorwa.