Ujirani wa Dini katika Mji wa Unguja

Aingiaye Mji Mkongwe wa Unguja kwa miguu, akafuata vichochoro vyake pasipo kuuliza njia, hatakwenda mbali kabla hajapita mlango wa msikiti wa Kiibadhi usio na pambo, akasikia adhana ya Masuni, akanusa ubani wa hekalu la Wahindu, na juu ya mapaa akaona minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yusufu. Wageni huyaita hayo mapenzi. Mimi napenda kwanza kujua mapenzi hayo yalisimama juu ya nini.

Sehemu yake, bila shaka, ilikuwa haja. Masultani wa Kiibadhi walitawala raia ambao wengi wao walikuwa Mashafii, wakaweka makadhi wa madhehebu yote mawili, kila mtu akahukumiwa kwa fikihi yake. Na ushuru wa forodha, roho ya dola yenyewe, wakaukodisha kwa miaka mingi kwa nyumba ya Jairam Shivji, Wahindu wa Kachi, ambao itikadi yao haikuwazuia kuaminiwa hazina ya sultani Mwislamu.

Lakini haja peke yake haielezi mwenendo wa Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa na kadhi wa Kishafii, aliyejadiliana na wamisionari wa Kiingereza juu ya itikadi pasipo kuwaficha kwamba aliwaona wamepotea, na bado akamsaidia Edward Steere, askofu wao, katika kazi yake ya lugha. Hapa naona jambo lililo bora kuliko ukimya wa adabu, kwani mtu asiyejali dini ya mwenziwe hana haja ya kubishana naye. Si kwamba hapakuwa na mipaka: Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, aliyeyapinga madhehebu ya watawala, alifungwa na Sayyid Barghash, asifunguliwe mpaka sultani huyo alipofariki mwaka 1888. Mwenye serikali, inaonekana, alimstahimili kafiri kwa wepesi kuliko Mwislamu mwenziwe mwenye hoja.

Ama mtaa wa Mkunazini ndipo panaponitia shaka kubwa zaidi. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa mwaka 1873, na mwaka uo huo, siku ya Krismasi, likawekwa hapo jiwe la msingi la kanisa kuu la Kiingereza. Lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897, hata zaburi zikaimbwa miaka mingi mahali pale na karafuu zingali zikichumwa na watumwa mashambani. Majirani waliokhitalifu katika sala na mirathi walikuwa wameafikiana muda mrefu, kwa kunyamaza au kwa kufaidi, juu ya mtu kumilikiwa. Na mji ulipopasuka katika mapinduzi ya Januari 1964 haukupasuka kwa mshono wa dini: wengi wa waliopindua na wengi wa waliouawa walielekea kibla kimoja na kufunga mwezi mmoja, na kilichowagawa ni ardhi, na nasaba, na kumbukumbu ya babu wa nani alikuwa bwana wa babu wa nani, mambo ambayo ustahimilivu wa madhehebu, kwa uzuri wake wote, haukupata kuyagusa.