Spika Mpya

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Sauti ile ilirudi Unguja na mikwaruzo yake, na watu wakaizunguka gramafoni moja, wakasikiliza. Sisi leo tunabadilisha spika, kisha amplifaya, kisha nyaya, na bado tunanung'unika. Si dhambi kupenda sauti safi. Hata kanisani twataka kinanda kilicholingana. Lakini jioni nzima tukitafuta kasoro ya besi, wimbo wenyewe tumeusikia? Na mgonjwa wa nyumba ya pili, vichochoroni humu Mji Mkongwe ambamo dirisha latazamana na dirisha, tumewahi kumpigia hodi tukamwuliza amelalaje?