Mtumbwi Ni Mmoja

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini wapo waliokuwa na daftari, na mali ikapotea vilevile. Kisa hiki cha kufundishia ni cha Nchelenge, mkoani Luapula, ufukoni mwa Ziwa Mweru.

Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Ni kama siku 90. Vijiji vitatu vikatoa walinzi wanne wanne, jumla 12, walinde ziwa usiku wawili wawili. Wazee wakaweka masharti mawili: wawili hao wasitoke kijiji kimoja, wasije wakafichiana ndugu, na jozi iliyokwisha kulinda isirudi tena, wasije wakazoeana na kula rushwa.

Katibu akapiga hesabu. Kila mlinzi ana wenzake 8 wa vijiji vingine. 12 mara 8 ni 96. Zamu zatosha, na sita za ziada! Akabandika orodha.

Januari, bibi mmoja aliyekuwa akianika muhogo akamwita.

“Mwanangu, leo mjukuu wangu analinda na yuleyule wa Desemba?”

“Hapana, bibi. Desemba mjukuu wako aliandikwa wa kwanza. Leo ni wa pili.”

“Mtumbwi ni mmoja, mwanangu. Anayetangulia kupanda habadilishi waliomo.”

Katibu akafungua daftari, akanyamaza. Kila jozi aliiandika mara mbili. Jozi za kweli zilikuwa nusu ya 96, yaani 48. Na waliorudiana walikuwa wamekwisha kuelewana: nyavu zilishazama usiku, na samaki aitwaye “pale” akavuliwa angali amebeba mayai kinywani.

Laiti hesabu ingekuwa sahihi tangu Novemba, kila kijiji kingeongeza walinzi wawili tu. Walinzi 18, kila mmoja na wenzake 12, ni 216. Nusu yake ni jozi 108, msimu mzima na ziada.

Basi, ukihesabu jozi, jiulize kama kubadilisha nafasi za wawili kunaleta jozi mpya. Kama hakuleti, gawa kwa mbili. Kisha ijaribu njia yako kwa idadi ndogo. Angechukua vijiji viwili vyenye mlinzi mmoja mmoja, katibu angepata 2 mara 1, zamu mbili, ilhali watu ni walewale wawili. Jaribio hilo halimalizi dakika moja, nalo lingeokoa kizazi kizima cha samaki.