Kimya cha Shahidi Mmoja

"Huyu hamna kitu." Maneno haya mafupi husemwa katika nyumba zetu mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Baba huyasema matokeo ya mtihani yaletwapo; mwalimu huyasema juu ya mtoto asiyenyosha mkono darasani; jirani huyasema juu ya kijana aliyerudi kutoka mjini mikono mitupu. Msemaji hadhani kwamba ametukana. Adhani amepima, na kipimo kimempa jibu. Basi leo twapenda kuuliza swali lililo dogo kwa sura, lakini zito kwa matokeo yake: Je, ni haki kusema kwamba kitu hakipo kwa sababu tu alama tuliyoizoea haikuonekana?

Ili tupate kulijibu, twawaomba wasomaji wetu watufuate mbali kidogo, hata kwenye nyota moja iitwayo TW Hydrae. Huko wataalamu wa elimu ya nyota walikutana na swali hili hili, na njia waliyoifuata yaweza kutufunza sisi tulio nyumbani.

Nyota hiyo iko mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru 200 hivi. Ndiyo kusema, mwanga wake unaotufikia usiku huu ulianza safari karibu miaka 200 iliyopita. Kwa hesabu ya nyota ni changa bado, maana umri wake wakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 3 na milioni 10. Imezungukwa na gesi na vumbi vilivyotandaa mfano wa sahani, na katika sahani za namna hiyo ndimo sayari zizaliwamo. Chembe za vumbi hushikamana, zikawa changarawe. Changarawe hukusanyika, ikawa miamba. Na miamba huvutana hata ikawa dunia nzima. Jua letu nalo lilikuwa na sahani yake miaka bilioni 4.6 iliyopita, na ardhi hii tunayoikanyaga ilitoka humo.

Sasa, mtu atakaye kujua kama sahani fulani yaweza bado kuzaa sayari kubwa, hana budi kujua ina gesi kiasi gani. Sayari kama Mshtarii hujengwa zaidi kwa gesi. Gesi ikiisha, haziwezi kujengwa tena. Na gesi haikai sana, kwa maana sahani nyingi huipoteza katika muda wa miaka milioni chache. Hivyo TW Hydrae ilikuwa kama mzee katikati ya vijana, na lilikuwa jambo la haki kuuliza kama ghala lake halijawa tupu.

Lakini kupima gesi hiyo si kazi rahisi. Sehemu yake kubwa ni haidrojeni, na haidrojeni katika baridi kali kama ile karibu haitoi mwanga wowote. Ipo, tena ni nyingi kuliko vyote, ila ni kimya. Kwa sababu hiyo wataalamu walizoea kumwuliza shahidi mwingine, yaani gesi ya kaboni monoksaidi, ile ile itokayo katika jiko la mkaa na kuwaua watu waliolala na moto katika chumba kilichofungwa. Gesi hii ni haba angani, lakini hutoa mawimbi yanayopokelewa na darubini za redio. Katika mawingu makubwa ya angani huwa kuna molekuli yake moja kwa kila molekuli 10,000 za haidrojeni hivi. Basi wakahesabu hivi: shahidi akisema kwa sauti kubwa, haidrojeni ni nyingi, akisema kwa sauti ndogo, ni chache. Ni hesabu ya busara, na wengi wetu tungaliifanya vile vile.

Kwa TW Hydrae shahidi huyo alinong'ona. Makadirio ya uzito wa gesi yake, yaliyotolewa kwa njia mbalimbali, yalipishana mno: la chini lilikuwa sehemu 5 tu katika 10,000 za uzito wa Jua, na la juu lilizidi hilo zaidi ya mara 100. Anayemwamini mmoja angesema ghala ni tupu; anayemwamini mwingine angesema limejaa.

Ndipo alipotafutwa shahidi wa pili. Katika haidrojeni yenyewe zimo molekuli chache, kama 3 katika kila 100,000, zenye atomu moja iliyo nzito kuliko ya kawaida; na hizi, hata katika baridi ile, hutoa mwanga wao hafifu, usioonekana kwa macho na usioweza kupenya hewa ya dunia. Darubini iitwayo Herschel, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya mwaka 2009, iliweza kuuona kutoka huko juu. Mwaka 2013 Edwin Bergin wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzake, walitangaza waliyoyapata. Gesi ya sahani ile haikupungua sehemu 5 katika 100 za uzito wa Jua. Uzito huo ni sawa na wa Mshtarii 50 hivi, nao watosha kabisa kujenga jamaa ya sayari kama hii yetu. Mzee alikuwa bado na akiba.

Kwa nini basi shahidi wa kwanza alinong'ona? Si kwamba alisema uongo. Yeye mwenyewe alikuwa amepungua: ilionekana kwamba kaboni monoksaidi ya mahali pale ni haba kuliko ilivyodhaniwa, kati ya mara 10 na mara 100. Baridi inapofika karibu nyuzi 250 chini ya sifuri, gesi hiyo huganda juu ya chembe za vumbi, na vumbi likishikamana na kushuka huichukua na kuificha. Kosa lilikuwa la kudhani kwamba kipimo kilichofaa katika mawingu ya angani chafaa vile vile katika sahani yenye baridi na vumbi lililokusanyika.

Turudi sasa nyumbani kwetu. Mtihani ni kipimo, nasi hatuudharau. Hupima jambo la kweli. Lakini mtoto aliyekwenda shuleni bila kula, mtoto asiyeona vizuri ubaoni wala hathubutu kusema, mtoto afundishwaye kwa lugha asiyoisikia nyumbani, huyo akipata alama ndogo, alama hiyo yatueleza nini? Huenda yatueleza juu ya baridi aliyomo kuliko juu ya akili aliyo nayo. Na mara nyingine, twasema kwa majonzi, baridi yenyewe ni sisi. Mtoto aliyekemewa kila afunguapo kinywa hujifunza kunyamaza. Kisha mzazi yule yule aliyemnyamazisha huhesabu kimya chake kuwa ni upungufu wa akili.

Tena kuna tofauti moja kubwa kati ya kupima nyota na kupima mtu. TW Hydrae haikudhurika kwa kukadiriwa vibaya. Iliendelea kuwaka na sahani yake ikaendelea kuzunguka. Lakini mtoto husikia. Na neno "hamna kitu" halikai mdomoni. Hugeuka kuwa tendo. Ada hulipwa kwa ajili ya ndugu yake, yeye akaambiwa angoje. Daftari jipya hupewa mwingine. Hatimaye ghala lililokuwa na akiba hubaki limefungwa, na mwenye kulifunga husema, "Si niliwaambia?"

Msomaji mmoja aweza kutupinga akisema: "Je, mwataka tujidanganye kwamba kila mtu amejaa vipawa vyote?" La, hatusemi hivyo. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hata wao hawakutuahidi mshindo katika kila kimya. Wataalamu wale hawakusema, "Shahidi amenyamaza, kwa hiyo gesi ni nyingi." Huo nao ungalikuwa ujinga. Walichofanya ni kuiahirisha hukumu mpaka wapate ushahidi mwingine, na walipoupata hawakujitapa. Kwa kuwa hesabu yao ilitegemea joto la gesi, walisema tu kwamba uzito haupungui kiasi fulani. Tunaona hapo adabu ya kweli ya akili, yaani kusema kile unachokijua, na kuonyesha mpaka wake.

Adabu hii si ngeni kwetu. Sheria ya Musa ilikataza mtu kuhukumiwa kwa neno la shahidi mmoja, na wazee waliokaa barazani walijua kusikiliza pande zote kabla ya kutoa shauri. Jambo la kushangaza ni kwamba ng'ombe akiibiwa twadai mashahidi, lakini maisha ya mtoto wetu wenyewe twayakatia shauri kwa karatasi moja.

Wala hatusemi kwamba shahidi wa pili hupatikana kwa urahisi. Darubini Herschel ilimaliza kazi yake mwaka ule ule wa 2013, heliamu iliyoipoza ilipokwisha, na ilikuwa imeusikia ushahidi wa namna hii katika sahani tatu tu. Wataalamu hawakukata tamaa. Baadhi yao sasa hutazama mwendo wa gesi yenyewe, maana sahani iliyo nzito hubadilisha kidogo namna gesi yake inavyoizunguka nyota. Hata mzazi asiye na chombo chochote aweza kufanya jambo linalofanana na hilo. Na atazame mtoto wake anavyokwenda kati ya wenzake: nani humfuata, nani hutulia akiwapo, ni kazi gani aifanyayo bila kutumwa, ni swali gani aulizalo jioni watu wakiisha kula. Huo nao ni ushahidi, lakini hauletwi kwa barua ya shule. Wapatikana kwa kukaa naye.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, matokeo yatakapoletwa mara nyingine, nasi tukajisikia kulitamka neno lile, tujizuie kidogo. Tujiulize ni shahidi gani tuliyemsikiliza, na alisema akiwa katika hali gani. Kisha tumwite mtoto aketi karibu nasi, tumwulize habari zake, na tungoje ajibu, hata akikawia.