Mshauri wa Komine na Nyumba Yake

Tarehe 20 Desemba 2023 tulichagua washauri wa komine hapa Lubumbashi. Tangu hapo mlango wa mshauri haufungwi: ugomvi wa parseli, maji, kilio. Watoto wake wanalala bila kumwona. Je, huo ndio utumishi?

Tusome Kutoka 18. Musa aliamua mashauri ya watu kutwa nzima. Yethro, mkwewe, akamletea Sipora mke wake na wana wao wawili, kisha akamshauri aweke wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Kugawa kazi si uvivu.

Basi nasi, neno ambalo shefu wa avenyu anaweza kulimaliza, tusimpelekee mshauri usiku. Watoto wake nao wana haki kwake. Amina.