Haya ya Kuanza Upya

Je, ni aibu kwa mtu mwenye ndevu kuketi darasani akafundishwa sehemu za hesabu, ambazo ndugu yake mdogo alizimaliza katika shule ya msingi? Wewe usomaye kurasa hizi ungali katika sekondari, na yamkini swali hili waliona kuwa la wengine. Walakini wako wengi watakaoingia chuoni na hati mkononi, na huko watambue kuwa walivuka hesabu kama mtu avukavyo mto juu ya mabega ya wenziwe.

Twaa mfano wa Kiirua, katika Meru, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Hapo pana chuo cha ufundi, na kandokando mashamba ya viazi na ngano. Kijana aendaye kujifunza uashi hukutana mapema na aljebra: herufi moja, x, imewekwa mahali pa kitu kisichojulikana, naye ameamriwa akitafute. Huogopa. Jirani yake akiandika, naye huandika. Naijua hila hiyo, maana katika chuo changu niliitumia miaka miwili, na mwalimu, maskini, alinihesabu katika wanafunzi wake wema.

Sasa tazama hila hiyo hulipiwa na nani. Tuseme mama wa kijana huyo huuza viazi. Mnunuzi huja na gunia lililoongezwa kimo, ambalo watu huliita lumbesa, akatoa shilingi 2,000. Kanuni zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2019 zilikataza gunia la viazi kuzidi kilo 50. Kwa kipimo hicho kilo moja ni shilingi 40. Ikiwa mnunuzi amelijaza hata kila kilo ikamfikia kwa shilingi 25, amechukua kilo ngapi zaidi? Ziite x. Jumla ya 50 na x, mara 25, ni 2,000. Basi 50 na x ni 80, na x ni 30. Kilo 30 zimetoka bila malipo katika kila gunia, nazo kwa bei ya haki ni shilingi 1,200. Mama huhisi kuwa ameumia, ila hawezi kuonyesha penye jeraha. Mwanawe alifundishwa kuonyesha, akanakili.

Kutojua si kosa, kwa kuwa hakuna aliyezaliwa na jedwali la kuzidisha kinywani. Ubaya nauona katika kuficha, maana gharama yake humwangukia asiyehusika. Kiirua pana hospitali pia. Muuguzi popote akikosea nukta moja ya desimali, mgonjwa hupewa dawa mara kumi ya kiasi chake, na mgonjwa hakufanya hesabu yoyote.

Wengine husema kuwa mafundi wa zamani walijenga bila x. Ni kweli, lakini hawakujenga bila hesabu. Mwashi apimaye pembe ya msingi kwa kamba ya futi 3, 4 na 5 anajua jambo ambalo wengi wetu tulilikariri tu. Na hapa mtu mzima amemzidi mtoto: anajua anachotafutia. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, alikikusudia watu wazima wenye shughuli zao, wagawao mirathi, wafanyao biashara na wapimao ardhi. Neno lenyewe, al-jabr, kwa Kiarabu lina maana pia ya kuunga mfupa uliovunjika. Mfupa ulioungika vibaya utotoni hauungwi upya bila maumivu, wala sitakudanganya kuwa aljebra ya ukubwani haiumi.

Katika mwaka wangu wa pili chuoni, mwenzetu mmoja, mkubwa kuliko sote, alisimama akauliza kwa nini nusu na theluthi zikijumlishwa hazifanyi mbili juu ya tano. Tulicheka sana. Mwalimu hakucheka, alifuta ubao wote, akaanza na chungwa moja na kisu. Alipofika kwenye tano juu ya sita, darasa lilikuwa kimya, na sisi tuliocheka tulikuwa tumeinama, tukiandika upesi asije akafuta.